Mama akivuja damu usiku, nani ana ruhusa ya kuanza?

Tangu Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa wanawake na ya wakunga walipotoa mwongozo mpya wa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka picha moja tu. Ni ule mfuko wa plastiki unaowekwa chini ya makalio ya mama mtoto akishatoka, wenye mdomo kama faneli na mistari ya mililita ubavuni, na juu yake mtu ameandika "plastiki inayookoa akina mama". Kinachofuata ni watu kuuliza bei, halafu hazipiti dakika nyingi anatokea wa kusema kumbe miaka yote tiba ilikuwa plastiki tu, hao manesi walikuwa wanafanya nini. Furaha ya watu naielewa na mimi mwenyewe ninayo. Ila naona tumeisoma vibaya habari yenyewe, na kuisoma vibaya hapa kuna gharama. Kilichopunguza damu kwenye utafiti uliozaa kelele hizi, nitaufikia mbele, ni mkunga aliyeko zamu kupewa alama ya kuanzia, dawa zote mahali anapozifikia, na ruhusa ya kuanza bila kumsubiri mtu. Mfuko ni kipande kimoja cha hayo, tena ndio kipande rahisi kununua, na hapo ndipo hofu yangu ilipo, kwamba tutanunua mifuko, tutapiga picha za makabidhiano, alafu yaliyobaki tutayaacha kama yalivyo.

Tuanze na damu yenyewe kwa sababu watu wengi hawajui kasi yake. Mimba ikishakomaa, damu inayopita kwenye kizazi ni zaidi ya nusu lita kwa dakika. Kondo likishabanduka, kinachoizuia damu hiyo isimwagike ni misuli ya kizazi kujikaza na kuibana mishipa, na kizazi kikilegea hakuna kingine cha kuifunga ile bomba. Kulegea huko ndio chanzo cha kesi nyingi zaidi, zinazobaki ni kuchanika njia, mabaki ya kondo, au damu isiyoganda. Duniani kote karibu wanawake 45,000 wanakufa kila mwaka kwa hili, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini. Na mwili wa mwanamke kijana unadanganya vibaya sana, unaweza kupoteza damu nyingi huku presha ikisoma vizuri tu, mama anaongea, anauliza mtoto ana kilo ngapi, halafu ghafla anaporomoka na ukifika hapo umeshachelewa.

Sasa fikiria tumekuwa tukiipimaje damu hiyo. Kwa macho. Damu imelowa kwenye khanga, nyingine imeingia kwenye pamba, nyingine iko kwenye beseni imechanganyika na maji ya uzazi na mkojo, nyingine imetiririka sakafuni chini ya kitanda ambako taa haifiki, halafu mkunga anatakiwa aangalie vyote hivyo aandike kwenye faili "mililita 300". Kila mtu aliyewahi kukaa leba anajua namba hiyo inatoka wapi, inatoka hewani. Na jicho linakosea kwa kupunguza zaidi kuliko kuongeza, hasa damu ikiwa nyingi.

Na wazo la kupima kwa kitu chenye alama halikuletwa kwetu juzi na wazungu na plastiki yao. Kigoma, miaka ya mwanzo ya 2000, Dokta Godfrey Mbaruku na wenzake waliwafundisha wakunga wa jadi kupima kwa khanga. Khanga zetu zina saizi inayolingana, kwa hiyo walikubaliana kanuni moja: khanga mbili zikilowa damu chapachapa, hiyo imepita nusu lita, usisubiri, mpe mama misoprostoli, kidonge cha kukaza kizazi. Bibi asiyejua kusoma mililita akapewa kipimo ambacho tayari kiko begani kwake, na pamoja na kipimo akapewa dawa na ruhusa ya kuitoa. Nakaa sana kwenye mfano huu kwa sababu vitu vitatu vyote vimo, alama, dawa, ruhusa, wala plastiki haimo kabisa. Matokeo yake yalichapishwa 2005. Leo kwenye vituo vyetu vyenye umeme na cheti ukutani bado kuna mahali mkunga mwenye diploma ana mamlaka madogo kuliko yule bibi wa Kigoma.

Twende kwenye utafiti uliozaa kelele hizi zote, unaitwa E-MOTIVE, na matokeo yalitoka Mei 2023. Ulifanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida, kwa hiyo hizi ni wodi zetu sisi na wakunga wetu sisi. Nusu ya hospitali ziliendelea na utaratibu wao, nusu zikapewa mpango mpya. Waliopata janga kubwa, yani kupoteza lita moja au zaidi, au kufunguliwa tumbo, au kufa kwa kutoka damu, walikuwa asilimia 4.3 kwenye hospitali za kawaida na asilimia 1.6 kwenye zile za mpango. Hiyo ni asilimia 60 imepungua, na kwenye fani ya uzazi hupati namba kama hiyo kila mwaka.

Ila kuna jambo ambalo wanaosambaza picha hawalisemi na mimi ndilo lililonifungua macho. Hospitali za utaratibu wa kawaida nazo zilikuwa na mifuko ya plastiki! Ilibidi iwe hivyo maana watafiti walihitaji kuikusanya damu na kuipima pande zote mbili, la sivyo wangelinganisha nini. Tofauti ni kwamba mifuko ya upande huu haikuwa na mistari. Kwa hiyo plastiki ilikuwepo, damu ilikuwa inaingia humo humo, mkunga anaiona, na bado kati ya wanawake waliotoka damu nyingi ni asilimia 51 tu waliogundulika, na waliopata matibabu yote kwa pamoja ni asilimia 19. Upande wa pili waliogundulika ni asilimia 93 na waliotibiwa ni 91. Ukiiangalia vizuri hiyo 51 kwenda 19 utaona kitu kingine kinachouma zaidi, kwamba hata pale mkunga alipojua kabisa mama anavuja, mara nyingi matibabu kamili hayakutoka. Kujua na kutenda ni vitu viwili, na mstari kwenye plastiki unakusaidia kujua tu.

Kutenda kulitoka wapi basi? Mpango ulikuwa na mistari miwili, 300 na 500. Saa ya kwanza baada ya mtoto kutoka, mkunga anaangalia damu, mtiririko wake na ugumu wa kizazi kila dakika 15, anaandika, na anapima presha na mapigo. Ikifika 500, anaanza. Ikifika 300 na kuna dalili moja haiko sawa, anaanza. Na mkunga mwenyewe akiona tu hali ya mama haimridhishi, hata kama mstari haujafika, anaanza. Kuanza maana yake ni vyote kwa mpigo bila kungoja kimoja kishindwe ndio ujaribu kingine: kukanda kizazi, oksitosini ya kukikaza, traneksamiki ya kulinda damu iliyoganda isiyeyuke, dripu, kukagua njia kama imechanika, na kama damu haikatiki unaita msaada wa juu. Dawa na vifaa vyote viko kwenye toroli moja au begi moja. Kila hospitali ilikuwa na mkunga na daktari wa kusukuma jambo hili mbele, na kila mwezi wodi ilirudishiwa takwimu zake yenyewe ijue imefanyaje. Hebu hesabu mwenyewe hapo, kati ya vyote hivyo plastiki ni kingapi.

Nilikaa leba miaka kadhaa kabla sijahamia kufundisha, na nitasimulia jambo moja tu. Usiku, tuko wakunga wawili, mmoja yuko na mama anayesukuma chumba cha pili. Wangu ameshajifungua salama, mtoto analia vizuri, nimebadilisha khanga ya kwanza, nikabadilisha ya pili, akaanza kupiga miayo. Akaniambia, "Nesi, nasikia baridi, naomba maji." Mtu anayetoka damu anapiga miayo, anasikia kiu na baridi, hilo hakuna kitabu kilichonikaa kichwani kama miayo ya yule dada. Nikashika kizazi, kimelegea kama unga wa chapati. Oksitosini ilikuwepo kwenye trei, nikachoma, nikawa nakanda kwa mkono mmoja huku nimeshika simu kwa mwingine. Traneksamiki ilikuwepo pia, kwenye kabati la dawa za gharama, limefungwa, na ufunguo anao mhusika wa zamu ya mchana ambaye alikuwa kwake amelala. Mama alipona, ila nguvu zilitumika na damu iliongezwa na dakika zilipotea nyingi sana. Siku ile hata ungenipa mfuko wenye mistari ya dhahabu ungenionyesha vizuri tu kile ambacho nilikuwa nakiona tayari.

Na dakika kwenye dawa hii sio maneno ya kutishana. Utafiti wa WOMAN wa 2017, wanawake 20,060 kwenye nchi 21, ulionyesha traneksamiki inapunguza vifo vya kutoka damu ikitolewa ndani ya saa tatu, ikipita hapo faida haionekani. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba kila robo saa ya kuchelewa inakula kama asilimia 10 ya faida yenyewe. Sasa weka robo saa ya kumtafuta daktari, robo saa ya ufunguo, robo saa ya ndugu kwenda kununua dawa duka la nje ya geti kwa sababu imeisha ndani, uone kinachobaki.

Kuna hoja za upande wa pili na baadhi nazipa uzito wa kweli. Ya kwanza ni kwamba alama ya mililita 300 iko chini mno, wanawake wengi wanapoteza kiasi hicho na wanaamka wanakunywa uji, kwa hiyo tutawatundikia dripu watu wasiohitaji na tutamaliza dawa ambazo tayari hazitoshi. Hoja hii wanaoitoa ni watu wa wodini, sio wavivu wa kufikiri. Majibu yake yako kwenye takwimu zilizokusanywa kuandaa mwongozo: ukitumia 500 peke yake kuna wanawake kama robo ya watakaoharibikiwa ambao kipimo kinawapita, na ukitumia 300 peke yake kweli unakamata wengi ambao wako sawa. Ndio maana mwongozo haukusema 300 basi, umesema 300 pamoja na dalili isiyo ya kawaida, kama mapigo kuzidi 100 kwa dakika au presha ya juu kushuka chini ya 100. Hapo inabidi mkunga awe amepima presha na mapigo, na hiyo inatudai mashine ya presha inayofanya kazi na mtu mwenye muda wa kuitumia kila mara. Kwa hiyo hoja ya kwamba inaongeza kazi naikubali, inaongeza.

Na kwetu 300 ina maana ya ziada. Ripoti ya afya ya taifa ya Tanzania ya 2022 ilikuta wanawake asilimia 42 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Mtu aliyeingia leba akiwa hana akiba, nusu lita yake sio nusu lita ya mwenzake. Watafiti wa WOMAN-2, mwendelezo wa ule wa WOMAN, walifuatilia wanawake wenye upungufu wa damu wa kati na mkali kwenye nchi nne, Tanzania ikiwemo, wakaona upungufu huo unaongeza hatari ya kufa na kwamba hawa wanaanguka hata kwa damu kidogo. Utafiti huo huo ulijaribu kuwapa wote traneksamiki mapema kama kinga na haikusaidia, kwa hiyo njia ya mkato ya "tuwachome wote tulale" haipo. Inabidi mtu akae, aangalie, apime.

Hoja ya pili ambayo lazima tuwe wakweli nayo, E-MOTIVE peke yake haikuweza kuthibitisha kwamba vifo vyenyewe vilipungua. Kilichopungua wazi ni kutoka damu lita moja na zaidi, vifo vilikuwa vichache pande zote kiasi kwamba namba haziwezi kusema. Pia ilihusu waliojifungua kwa kawaida tu, na sisi waliopasuliwa wanaongezeka kila mwaka na damu ya chumba cha upasuaji haiingii kwenye mfuko ule. Anayekuambia hili limemaliza tatizo anakuuzia. Ila nani anafika kwenye kifo cha damu bila kupita lita moja? Wachache. Ukiziba hapo umeziba njia kuu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndio inayosikika kwa sauti kubwa, kwamba tatizo ni uzembe wa manesi, kwamba wakifuatiliwa na wakifukuzwa wachache damu itakatika. Najua inakotoka. Kuna wanawake wametukanwa leba, wameachwa, wamezaa peke yao sakafuni, na hao wana haki ya hasira yao na hakuna mtafiti wa kuwafuta machozi kwa grafu. Lakini kama uzembe ndio ungekuwa maelezo, basi hospitali za upande wa kawaida zilikusanya wazembe wote na za upande wa pili zikapata malaika kwa bahati nasibu, maana hospitali zilipangwa kwa kura. Wakunga ni wale wale, mishahara ile ile, vitanda vile vile. Walipowekewa alama, toroli na mamlaka, kugundua kulitoka nusu kukafika tisa kati ya kumi. Mzembe hageuki hivyo kwa sababu ya mistari miwili. Na kuna madhara ya lawama ambayo watu hawayaoni: mkunga anayejua ataitwa kwenye kikao akiandika damu nyingi, atajikuta anaandika 400. Yani hofu inaingia hadi kwenye kalamu.

Ndugu yake hoja hiyo ni ile ya kwamba mkunga asianze mpaka daktari aone. Kwenye hospitali ya rufaa yenye daktari ghorofa hiyo hiyo unaweza kuibishania. Kwenye zahanati ambako daktari hayupo kabisa ni sawa na kusema asitibiwe.

Hata hapa nyumbani ushahidi mwingine unaelekea huko huko. Mradi wa Safer Births ulifanyika kwenye vituo 30 vya Geita, Manyara, Mwanza, Shinyanga na Tabora, karibu jozi 300,000 za mama na mtoto, matokeo yakatoka Februari 2025. Ulileta vifaa pia, kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni kinaitwa Moyo, na kingine cha kumwekea mtoto aliyezaliwa hajapumua kionyeshe mapigo yake. Lakini moyo wa mradi ulikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale wodini, kwa mwanasesere, wakunga wenyewe kwa wenyewe, chini ya mwenzao wa kituo hicho aliyefundishwa kuwaongoza. Watoto waliofariki ndani ya saa 24 walipungua kutoka 6.4 hadi 3.9 kwa kila vizazi 1,000, na vifo vya akina mama vilishuka kwa karibu robo tatu. Vifaa vilikuwa vile vile kila mahali, lakini matokeo hayakuwa sawa mkoa kwa mkoa. Kama kifaa ndicho kinachookoa, hiyo tofauti ingetoka wapi?

Sasa haya yanatupeleka wapi. Wanawake wameshatuitikia, mwaka 2022 asilimia 81 ya vizazi Tanzania vilitokea kituoni wakati kwenye ripoti ya 2015-16 ilikuwa 63, kwa hiyo ile kampeni ya "njoo ujifungulie kituoni" imefanya kazi na deni sasa liko kwetu. Mifuko inunuliwe, tena haraka. Lakini ninachokiogopa kwanza ni kuiona kwenye ile karatasi anayopewa mjamzito kliniki, pale penye glavu, pamba, nyembe na mpira wa kulalia, wamechomeka "mfuko wa kupimia damu, 1". Siku hiyo alama ya kuanzia itakuwa ya wenye uwezo. La pili ni oksitosini, inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukikatika kila mara kwenye kituo ambacho friji moja linabeba chanjo na dawa zote, dawa inapoteza nguvu kidogo kidogo na wewe huoni. Ipo karbetosini isiyohitaji friji, ilijaribiwa kwa wanawake karibu 30,000 kwenye nchi 10 zikiwemo Kenya na Uganda na kwa kuzuia damu haikuwa nyuma ya oksitosini, ila hiyo ni ya kuzuia, ya kutibu bado tunarudi kwenye friji. La tatu ni watu. Kuangalia kila dakika 15 kwa saa nzima ni mara nne kwa mama mmoja, wakijifungua watatu karibu karibu na mkunga yuko mmoja hesabu haitoki, hata awe na moyo wa chuma.

Na lipo moja halihitaji bajeti wala mfadhili, ni karatasi ya ukurasa mmoja iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya, inayosema mkunga wa zamu akiona alama anaanza dawa zote, ikiwemo traneksamiki, anatoa taarifa baadaye. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani leba. Mimi nikiambiwa nikague kituo kimoja tu ili nijue kama mwongozo huu umefika, mifuko sitaihesabu. Nitaenda saa nane usiku nimuulize mkunga aliyeko zamu ufunguo wa lile kabati uko wapi.